Macho Mawili, Wingu Moja

Penye upanga wa Jabari, kundi la nyota ambalo kila mlinzi wa zamu ya usiku amepata kuliona, pana doa la ukungu. Hilo ni nebula, yaani wingu kubwa la gesi na vumbi ambamo nyota changa huzaliwa. Nuru yake husafiri zaidi ya miaka 1,300 kabla ya kutufikia.

Wapenzi wa nyota hulitazama kwa darubini yenye kioo kipana, pengine cha sentimita 40 au zaidi. Baadhi yao hufunga juu yake kifaa cha macho mawili, ambacho huigawa nuru kwa prizima, kila jicho likapata fungu lake. Mgawo huo una hasara: hakuna jicho lipatalo zaidi ya nusu, na wingu hafifu laweza kupotea kabisa. Lakini wingu angavu kama hili la Jabari hunufaika. Mtazamaji hana haja ya kufumba jicho, uso hautaabiki, na ubongo huziunganisha picha mbili kuwa moja. Wingu huonekana kana kwamba lina kina, ingawa macho yote mawili hupokea picha ile ile.

Zamani vyombo vikubwa namna hiyo havikuwa vya mtu wa kawaida. John Dobson, mtawa wa San Francisco huko Marekani, alivitengeneza kwa mbao, mabomba ya karatasi ngumu na vioo vya madirisha ya meli alivyovisugua kwa mkono. Alivitoa barabarani ili majirani watazame. Kazi hiyo ilimgharimu makao yake: mwaka 1967 alitakiwa kuondoka utawani, umri wake ukiwa umepita miaka 50. Hakuiacha. Mwaka 1968 alishiriki kuunda chama cha kuwaonyesha nyota wapita njia, na hakudai malipo kwa ubunifu wake hadi alipofariki mwaka 2014, akiwa na miaka 98.

Hata hivyo chombo peke yake hakitoshi. Jicho huhitaji kiasi cha nusu saa gizani, bila taa nyeupe, na kitu hafifu huonekana vizuri zaidi kikitazamwa kwa pembeni kidogo. Askari wa lindo anaijua siri hiyo. Naye mwenye pupa atachungulia, aseme hakuna kitu, na kwenda zake. Mwenye subira atabaki, na polepole wingu litamfunulia mbawa zake.