Nimeona, Mchungaji

Darubini ya kwanza hapa chuoni tuliinunua kwa kuvutwa na maandishi ya kwenye boksi: inakuza mara 525. Miguu yake mitatu ilikuwa myembamba. Ukiigusa tu, sayari ya Zohali inaruka na kupotea. Bibi mmoja wa usharika alichungulia, akasema kwa adabu, "Nimeona, Mchungaji." Tulijua hakuona kitu.

Ya pili tuliichagua kwa upana wa kioo, milimita 150, na kitako cha mbao kinachokaa chini imara. Tukakuza mara 60 tu. Bibi akanyamaza kitambo. "Kumbe ina pete! Mchungaji, siku ile sikuona."

Tangu hapo tunajiuliza: ni "Amina" ngapi tunazopewa kwa adabu tu? Bwana atuimarishe kwanza miguu.