Kubakiza na Kurudishiwa

Katika somo la mofolojia tulipewa kazi ya kuchambua vitenzi vya utawala. Wenzangu walichukua kutawala, kuchagua, kuamuru. Mimi nilichukua viwili vinavyohusu pesa: kubakiza na kurudishiwa. Nilidhani ni kazi ya viambishi tu.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Kongo ni nchi moja isiyogawanyika. Lakini inayapa majimbo kazi zake. Kifungu cha 204 kinaweka mikononi mwao shule za chekechea, za msingi na za sekondari, mradi zifuate kanuni za serikali kuu. Ili kazi hizo ziwe na pesa, kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na kinasema sehemu hiyo ibakizwe kwenye chanzo. Wanasheria wanaiita retenue à la source. Maana yake ni nyepesi: kwa kila franka mia za mapato hayo, arobaini hazina safari ya kwenda Kinshasa.

Sasa wasikilize viongozi. Ukiuliza kwa nini barabara imesimama, utajibiwa kwamba jimbo linangoja rétrocession. Hilo ni neno jingine kabisa. Pesa zinakwenda Kinshasa kwanza, kisha serikali kuu inarudisha kiasi fulani, siku fulani. Majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba asilimia 40 haifiki.

Tukichambue kitenzi. Ku-rud-ish-i-w-a. Mzizi -rud- unakubali kwamba kitu kimekwisha kuondoka. Kiambishi -ish- kinahitaji mtu wa kukirudisha. Kiambishi -i- kinamleta wa kurudishiwa, na -w- kinamkalisha jimbo hapo kama mpokeaji. Aliyerudisha anaweza kuachwa bila kutajwa, na sentensi ikabaki sahihi: «Jimbo halijarudishiwa.» Na nani? Sarufi hailazimishi jibu. Katika «jimbo linabakiza», jimbo lenyewe ndilo mtendaji. Nikiri kwamba Katiba nayo imetumia kauli ya kutendwa, haikumtaja anayebakiza. Lakini imetaja mahali: kwenye chanzo.

Jambo hili liliingia nyumbani kwetu. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Upepo ulipong'oa paa la madarasa mawili, kamati ya wazazi iliandika barua kwa wakubwa wa jimbo, nami nikaombwa kuitafsiri kwa Kifaransa. Walikuwa wameandika: «Tunaomba msaada wenu.» Nikamwuliza baba kama naweza kuandika kwamba tunakumbusha haki ya watoto. Akatikisa kichwa. «Mwanangu, anayeomba anasubirishwa. Anayedai anaonekana adui.»

Ninaielewa hofu yake. Huku Katanga, kusema «vyetu vibaki» kuna historia. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga, na vita vya jambo hilo havikwisha mpaka Januari 1963. Tangu hapo, mtu wa kwetu akisema vibaki, wengine wanasikia kwamba tunaondoka. Hata hivyo Katiba hii haikuandikwa Lubumbashi peke yake. Raia wa nchi nzima waliipigia kura ya maoni mwezi wa Desemba 2005. Wala haikuyasahau majimbo yasiyo na shaba wala bandari: kifungu cha 181 kinaunda mfuko wa kusawazisha, unaotengewa asilimia 10 ya mapato ya taifa kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Kubakiza na kugawana vimewekwa katika Katiba moja.

Lakini tusiitazame Kinshasa tu. Sheria ya Oktoba 2008 inazipa miji, komini, sekta na maeneo ya machifu asilimia 40 ya ile sehemu ya jimbo. Ukienda kwenye komini ukauliza kwa nini mfereji haujazibuliwa, utaambiwa nao wanangoja jimbo. Jimbo linaloilaumu Kinshasa linalaumiwa kwa neno lilelile na walio chini yake. Kurudishiwa kumeshuka ngazi, na kila anayeshika pesa kwanza amegeuka mfadhili wa mwenye haki.

Barua ilikwenda na «tunaomba». Ilikuwa barua ya wazazi, si yangu. Ila sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tuna kazi yetu hapa. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Habari za serikali tunatafsiri sisi, redioni, kanisani, katika mikutano ya mtaa. Kifaransa kikisema rétrocession, mtafsiri hana budi kuandika alichosikia, lakini aeleze pia kwamba sheria ilisema kubakiza. Akinyamaza, msikilizaji atajua kwamba jimbo halijapewa, na hatajua kwamba halikutakiwa kupewa.