Kompyuta Ingoje Mpiga Fluti

Watu wakisikia natunga muziki wa fluti, fidla na laptopu, swali la kwanza ni: biti iko wapi? Hakuna biti. Huo ndio ugumu wenyewe.

Ningeweza kurekodi sauti zote za elektroniki mapema, nibonyeze pleyi, wapigaji wafuate. Imefanywa hivyo tangu enzi ya tepu, na kuna kazi nzuri tu. Lakini tepu haijui kama mpiga fluti amekosa pumzi. Inaenda. Mimi nataka mtu apige, maikrofoni isikie, kompyuta igeuze sauti hiyo papo hapo, naye ajibu alichosikia.

Stockhausen alifanya hivyo mwaka wa 1970 katika Mantra: piano mbili, kila mpigaji na mtambo wake wa kupindisha sauti mpaka piano inakaribia kuwa kengele. Kaija Saariaho wa Finland, katika NoaNoa ya 1992, alimpa mpiga fluti pedali ya mguu. Akiikanyaga, elektroniki zinasonga hatua moja. Hiyo pedali ilinikamata. Ni kitu kidogo, lakini inaamua nani bosi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo studio sina. Nina Pure Data, programu ya bure ya Miller Puckette, na chumba kimoja Umoja ambapo rafiki yangu hupiga fluti majirani wakiwa kazini. Hesabu nimejifunzia hapo. Kompyuta ikikusanya sampuli 1,024 kabla ya kuzitoa, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, imechelewa kama milisekunde 23. Kwa noti ndefu hakuna anayejali. Kwa noti fupi fupi, mpigaji anasikia mzimu wake ukimfuata, na anapunguza mwendo bila kujua. Nikipunguza sampuli, laptopu yangu kuukuu inaanza kukwaruza. Basi noti fupi nampa fidla, bila maikrofoni, fluti inabaki na zile ndefu. Ukidhani huo ni uamuzi wa kisanaa, sitakukatalia.

Na stima? Ikipotea, laptopu ina betri lakini spika zinakufa. Kwa hivyo kila ukurasa naoandika lazima uweze kupigwa na fluti na fidla peke yao, hata kama utakonda. Rafiki yangu anasema kurasa zilizokonda ndizo anazipenda. Sasa anataka tuzime spika makusudi kwenye ukurasa wa nne. Bado tunabishana.