Taco za dagaa kwa mama wa mwenzetu

Leo hatuleti habari za mkutano wala semina. Tunaleta jiko.

Mwenzetu mmoja wa hapa Nyarugusu alipata safari ya Marekani. Faili lake lilitoka peke yake, la mama yake bado linasubiri. Huko anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa Wameksiko. Juzi alitutumia video: samaki wa baharini wa kukaanga, amewekwa ndani ya kichapati chembamba cha mahindi, juu yake kabichi na salsa. Akaandika, "Mpikieni mama, aone kazi ninayofanya huku."

Sawa, ila bahari tutaitoa wapi? Tukaamua dagaa wa Kigoma. Na jina nalo lilileta shida. Tulipomwambia mama kwamba tunampikia taco, alitukazia macho: "Nyinyi vijana, mnataja nini mbele yangu?" Tulicheka mpaka tukashindwa kuwasha mkaa.

Tulianza na unga wa mahindi wa mgao. Tukakanda, tukasukuma, ukapasuka wote kama udongo wa kiangazi. Tukampigia mwenzetu, naye akacheka. Kumbe Wameksiko huchemsha mahindi na chokaa, huyaloweka usiku kucha, ndipo wanasaga. Ndiyo maana unga wao unashikana, wetu hapana. Basi tukachanga, tukanunua nusu kilo ya unga wa ngano, tukapika chapati ndogo nyembamba bila kuzikunja tabaka.

Dagaa unawatoa vichwa, unawaosha kwa maji ya moto mara mbili mchanga uishe, halafu wakauke kabisa. Wakiwa na maji, mafuta yatakurukia, mmoja wetu ana alama mkononi. Wapake unga wa ngano wenye chumvi, kaanga mafuta yakiwa moto kweli.

Salsa: kata nyanya ndogo ndogo, tia chumvi, acha dakika 10, mwaga maji yake. Usipoyamwaga, chapati inalowa na kuchanika mkononi. Ongeza kitunguu, pilipili, giligilani na ndimu. Ndiyo, ni kachumbari. Tulibishana sana kama kuna tofauti, hatukuiona.

Mama alikula ya kwanza kimya. Yeye ni mtu wa Baraka, amekulia ufukweni mwa Tanganyika upande ule wa Kongo, ndagala anawajua kuliko sisi wote. Ya pili aliila akiangalia video. Akaomba tuisimamishe pale mikono ya mwanawe inapokunja chapati, akaitazama mpaka kioo cha simu kikazima.

"Amekonda mikono," akasema. "Mwambieni ale kwanza, ndipo apikie watu."

Halafu akauliza kama zimebaki. Zilikuwa zimebaki mbili.