Barua kutoka Brussels: Mfupa Umeunga, Mkono Je?

Ndugu zangu wa Bukavu,

Huku Ubelgiji mtu akiumia kazini, bima ya mwajiri humlipa asilimia 90 ya mshahara mpaka daktari aandike kwamba hali yake imetulia, yaani matibabu hayatazamiwi kuibadilisha tena. Kuanzia hapo malipo hayo hukoma, na analipwa kwa kadiri ya uwezo wa kazi uliopotea. Ndiyo maana nasema tarehe hiyo humgusa mfanyakazi kuliko hata siku ya ajali, na haifai aipokee kimya. Mfikirieni mwashi aliyevunjika kifundo cha mkono. Picha inaonyesha mfupa umeunga, lakini vidole havikazi kwenye mwiko na karai la zege linamponyoka. Akikadiriwa asilimia 4 kwa mshahara wa yuro 30,000 kwa mwaka, hesabu ni yuro 1,200. Ila sheria ya tarehe 10 Aprili 1971, jinsi ilivyo sasa, hukata nusu ya malipo kwa kiwango kisichofika asilimia 5. Anabaki na 600. Na mahakama za Ubelgiji zinataka umri, ujuzi na nafasi yake ya kupata kazi nyingine vitazamwe. Ripoti inayoishia kwenye mfupa inamdhulumu.

Watu wa bima husema lazima pawe na kikomo, la sivyo faili halifungwi kamwe. Ni kweli, na hata mgonjwa anakihitaji, maana bila tarehe hiyo fidia ya kudumu haianzi. Lakini sheria yenyewe imekiri kwamba mwili hubadilika: imeacha miaka 3 ya kudai kiwango kipimwe upya. Wengi wetu huiacha ipite kwa kutojua.

Mtaniambia Bukavu ni kwingine. Mchimbaji wa Kamituga na mbeba mizigo wa soko la Kadutu hawajaandikishwa popote, na hilo ni deni la serikali. Lakini aliyeandikishwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, analindwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na mchango wa ajali za kazini, asilimia 1.5 ya mshahara, hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi akidai fidia yake, haombi sadaka. Basi, kabla ya kutia sahihi karatasi ya kufunga matibabu, mwombeni daktari aandike kazi ambayo mkono, mgongo au jicho haliwezi tena kuifanya, kisha mbaki na nakala.