Bundi wa kisiwa cha Skomer



Mwezi wa sita nilimtembelea yaya wangu anayeishi Wales, huko Uingereza. Siku moja akanipeleka kwenye kisiwa kidogo kinachoitwa Skomer. Kutoka Martin's Haven, mashua inatumia karibu robo saa tu. Kisiwani hakuna kijiji wala soko, ni makao ya ndege. Wageni wa siku wamewekewa kikomo, watu 250, na kila mtu anachungulia kwanza mfuko wake, panya asije akajificha humo. Panya wakifika kule, watakula mayai na makinda.

Tulikatazwa kutoka njiani. Udongo umejaa mashimo: jozi zaidi ya 300,000 za ndege wa bahari wanataga humo, na mguu wa mtu unaweza kubomoa nyumba yao. Ndege wadogo wanaoitwa pafini, wenye midomo ya rangi kama kitenge kipya, walipita karibu na viatu vyetu wakibeba samaki.

Mara mlinzi akanyoosha kidole: bundi! Yaya akanishika mkono. Sisi tulikulia Uvira, tunajua jina hilo linabeba nini.

Ilikuwa mchana kweupe. Bundi wa aina hii anawinda hata jua likiwaka. Macho yake ni ya njano, na kiota chake kiko chini, katikati ya majani. Aliruka polepole karibu na ardhi, akakamata mnyama mdogo mgugunaji wa kisiwa hicho, akashuka naye mahali pamoja. Tulielewa kwamba makinda yanangoja. Katika Wales nzima, bundi hao wanaotaga ni wachache sana. Watu walikuwa wamengoja tangu asubuhi ili wamuone, wakinong'ona, na hakuna aliyesogea karibu na kiota.

Mimi nikakumbuka mama mmoja mjane wa kartie yetu. Bundi alilia juu ya paa lake siku mbili, kisha mtoto wa jirani akafa kwa homa. Vijana walimpiga bundi mawe, halafu wakamgeukia mama. Alihama usiku na mfuko mmoja. Mimi mwalimu, mwenye diplome, nilifunga mlango wangu na kunyamaza.

Bundi analia kwa kuita mwenzake au kulinda eneo lake. Anakaa karibu na nyumba zetu kwa sababu panya wako pale, wale wanaokula mahindi na mihogo yetu. Homa ya malaria inaletwa na mbu, na dawa yake iko kwenye kituo cha afya.

Niliporudi, niliwaeleza wanafunzi wangu hayo yote. Mtoto mmoja akauliza: « Basi yule bibi atarudi? » Sikuwa na jibu. Wamama, bundi akilia usiku kwenu, mlalishe mtoto, na asubuhi mpite kumsalimia jirani mzee anayeishi peke yake.