Kutoka Meli hadi Mtumbwi: Maisha ya Kazi ya Karani wa Abiria

Meli isiyoweza kufunga gatini hulazimika kutia nanga mbali na ufuko na kuwashusha abiria wake kwa vyombo vidogo, yaani mashua, boti za mbao au mitumbwi inayopiga safari za kwenda na kurudi kati ya ubavu wa meli na nchi kavu, na ni katika hatua hiyo fupi, ambayo mara nyingi haizidi nusu maili, ndipo abiria hupoteza saa nyingi kuliko alivyotarajia. Tawasifu hii ni ya karani wa abiria aliyezaliwa Kinole, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, akafanya kazi ya reli Morogoro na kazi ya meli Kigoma, kisha baada ya kustaafu akarudi Morogoro kuwapokea watalii, na katika vituo vyote hivyo kazi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa kuishughulikia hatua hiyo moja. Imeandikwa katika nafsi ya tatu kwa sababu mwandishi, kwa miaka mingi ya kuandika taarifa za stesheni, alizoea kumtaja mwenye zamu kwa cheo chake, na umri wa kuacha mazoea hayo umekwisha kumpita.

Mafunzo ya kwanza ya kazi hiyo hayakupatikana majini. Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama, ardhi hurithiwa ndani ya ukoo wa mama, na kwa sababu hiyo mwanamke wa Kinole aliyelima ndizi, mananasi au viungo ndiye aliyeshuka nayo sokoni Morogoro na ndiye aliyejua bei. Barabara ya milimani, ambayo masika huigeuza kuwa utelezi, ilifika mahali ikakoma kwa lori, na kutoka hapo kwenda juu mzigo ulisafiri kichwani kwa njia za miguu. Kwa maneno mengine, lori lilikuwa meli na kichwa cha mwanamke kilikuwa mtumbwi. Lori halikuwa na saa maalumu, hivyo akina mama waliondoka nyumbani kabla ya jogoo la kwanza ili lisiwapite, wakakaa na matenga yao kando ya barabara hadi jua lilipochomoza, wakati wachuuzi wa mjini walioyangojea matenga hayo wakiwa bado wamelala. Kutokana na hali hiyo mwandishi alijenga rai aliyoishikilia katika kazi yake yote, kwamba kungoja hakumalizwi kwa urahisi bali huhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na kwamba swali la kwanza la mpangaji yeyote wa safari ni nani amepangiwa kungoja na kwa sababu gani.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na reli yake, mwandishi aliajiriwa kuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Morogoro, kazi ambayo haina mengi ya kusimuliwa, kwa kuwa stesheni ina jukwaa na treni husimama kando yake. Jambo moja tu la stesheni hiyo linahusu yaliyofuata. Meli iliyokuja kuwa Liemba ilipita hapo ikiwa imefungwa masandukuni: iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafumuliwa, ikafungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupandishwa bara kwa treni hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi kwa uangalifu, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Karani aliyehamishwa kutoka Morogoro kwenda kitengo cha meli cha Kigoma alikuwa, kwa hiyo, akiifuata njia iliyopitwa na meli yenyewe, ingawa yeye alipewa kiti.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 na kina cha takriban mita 1,470, na kwa kina ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Liemba ilisafiri kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikipitia vijiji na miji midogo ya mwambao kama Lagosa, Karema, Ikola, Kirando, Kipili na Wampembe, na kwa miaka mingi ni vituo vichache sana vya njia hiyo, Kasanga kikiwa kimojawapo, vilivyokuwa na gati. Kwingine kote meli ilitia nanga au kusimama tu, ikapiga honi, mara nyingi usiku wa manane, na giza la ufukoni likaanza kutoa boti. Zilikuja zikishindana, kwa kuwa boti iliyofika kwanza ndiyo iliyopata abiria wengi, zikajibana kwenye mlango wa ubavuni, na hapo wanaoshuka na wanaopanda, watoto, kuku, magodoro na magunia ya dagaa wakavukia katika nafasi isiyozidi upana wa mlango wa nyumba. Katika kituo kikubwa hali hiyo iliweza kuchukua saa kadhaa, na saa hizo zililipwa na vituo vyote vilivyofuata, ambako watu walikaa mchangani na mizigo yao wakiutazama upeo usio na taa.

Kila aliyeitazama hali hiyo kutoka daraja la kwanza alisema boti hazitoshi. Mwandishi, ambaye alikuwa mlangoni, aliona kinyume chake: boti zilikuwa nyingi mno kwa mlango mmoja, na kilichopungua kilikuwa mfuatano. Hatua zilizochukuliwa na wenye zamu wa mlangoni kwa miaka, baadhi zikibuniwa na mabaharia wa zamani kabla karani huyu hajafika, zilikuwa ndogo na hazikuhitaji fedha. Kituo cha kushukia kiliandikwa kwa chaki kwenye mzigo tangu Kigoma, ili usianze kutafutwa meli ikiwa imesimama. Wanaoshuka waliitwa kwenye sitaha ya chini kabla ya honi, si baada yake. Magunia yalielekezwa kwenye winchi, yaani mtambo wa kunyanyulia mizigo, na mlango ukaachwa kwa watu peke yao, kwani gunia moja lililokwama mlangoni huwachelewesha watu wengi kuliko mzee yeyote anayeshuka polepole. Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa kuwafanya wenye boti wakubali zamu, yaani boti iliyotangulia safari hii ifuate nyuma safari ijayo. Hilo halikuweza kuamriwa kutoka melini, lilizungumzwa ufukoni na wakala wa kituo na wazee wa kijiji, na katika vituo vingine halikukubaliwa kamwe.

Faida ya hatua hizo haikuwafikia wote kwa usawa. Vijana wenye nguvu, waliozoea kuparamia kwa kamba na kuwa wa kwanza, sasa walisubiri, na mwenye boti ya mwisho alibaki akiyumbishwa na upepo wa kusini-mashariki, ambao wakati wa kiangazi huinua mawimbi ya kutisha hata kwa mtu aliyezaliwa hapo. Hata hivyo meli iliondoka mapema zaidi, na muda uliookolewa haukuwa umehamishiwa kwa mtu yeyote, ulikuwa umefutika. Tofauti kati ya kungoja kunakofutika na kungoja kunakohamishwa ndiyo ambayo mwandishi angependa wanaopanga usafiri waipime kwa makini kuliko wanavyofanya, kwa kuwa takwimu za muda wa wastani wa kusubiri, ambazo hupendwa sana ofisini, haziionyeshi.

Mwezi Mei 2015, mwandishi akiwa anakaribia kustaafu, kazi hiyo ilifanyika katika hali ambayo hakuna kanuni ya zamu iliyoiwazia. Machafuko ya kisiasa ya Burundi yaliwaleta makumi ya maelfu ya wakimbizi katika kijiji cha Kagunga, karibu na mpaka, mahali penye ufuko mwembamba uliobanwa na milima mikali nyuma yake na ambapo njia ya kutokea kwa vitendo ilikuwa ziwa. Kipindupindu kililipuka. Liemba, iliyobeba abiria wapatao 600 kwa safari, ilipangiwa kuwapeleka Kigoma, kutoka ambako walipelekwa kwa mabasi kwenye kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na kwa kuwa Kagunga haikuwa na gati, kila mmoja wao alifikishwa melini kwa boti ndogo. Huko kungoja hakukuwa kero ya safari tena. Kulikuwa na watu waliokufa wakiwa bado ufukoni. Swali la nani atangulie liliamuliwa kwa hali ya mwili, wagonjwa, wajawazito, wazee na watoto kwanza, na uamuzi huo, ulio rahisi kuandika, humtaka mtu wa mlangoni amrudishe nyuma kijana mzima ambaye mama yake tayari yumo ndani ya meli. Mwandishi hana la kuongeza juu ya siku hizo isipokuwa kwamba zilimfanya awe na uvumilivu mdogo kuliko inavyostahili kwa watalii wanaolalamikia foleni.

Watalii hao ndio waliojaza sehemu ya mwisho ya maisha yake ya kazi. Meli za kitalii zinazopita mwambao wa Afrika Mashariki hufunga gatini pale inapowezekana, kama Mombasa au Dar es Salaam, ambayo ilipata magati yake ya kwanza ya kina kirefu mwaka 1956 na kabla ya hapo ilitegemea matishari, yaani vyombo vya kupakulia meli zilizotia nanga. Pale pasipo nafasi au kina cha kutosha, abiria hushushwa kwa boti za meli yenyewe, ambazo mara nyingi ndizo boti zake za kuokolea. Hesabu ya ushushaji huo inafanana sana na ya vituo vya ziwani kama Kirando. Ikichukuliwa meli ya abiria 2,000, yenye boti nne zinazobeba watu 100 kila moja na kuweza kuondoa boti moja kila dakika kumi, watu 600 watafika nchi kavu kwa saa moja, na wote wakitaka kushuka saa mbili asubuhi, wa mwisho atakanyaga ardhi saa tano asubuhi ikiwa imekwisha kupita. Wakijigawa wenyewe katika asubuhi nzima, hakuna atakayesimama sana.

Kwa hiyo mbinu za kukwepa foleni, ambazo mwandishi aliombwa kuzieleza mara nyingi kuliko habari za ndege na maua ya Uluguru, ni chache. Namba za zamu hugawiwa mapema ukumbini, na anayetaka kutoka na boti za kwanza hudamka kuzichukua akiwa amekwisha kunywa chai. Asiye na haraka hungoja hadi karibu saa tano, wakati ambapo kwa kawaida namba huachwa kutumika na boti huondoka nusu tupu. Walionunua ziara kupitia meli hutangulizwa, kama wanavyotangulizwa wa vyumba vya gharama kubwa, jambo ambalo si ufumbuzi wa foleni bali ni kuiuza. Kurudi kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kwenda, kwani boti ya mwisho ina saa inayojulikana na kila mtu huipangia hiyo, hivyo anayerudi saa moja na nusu kabla yake hupita kama aliye peke yake. Bahari ikichafuka, nahodha huweza kufuta ushushaji wote, na hapo hakuna mbinu.

Mfano unaotajwa sana duniani ni kisiwa cha Santorini, Ugiriki, ambako boti huwafikisha abiria chini ya jabali na mji uko juu yake, ukifikiwa kwa gari la waya, kwa punda au kwa ngazi za mamia ya vidato. Boti zikiharakishwa, foleni hukutwa kwenye gari la waya. Mtu wa Kinole angelitambua jambo hilo bila kuelezwa. Vivyo hivyo treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, humpa kila abiria namba ya kiti na kumfikisha kwa muda usiofika saa mbili, lakini stesheni yake iko Kihonda, nje ya kitovu cha mji, na mabehewa yote hufunguka kwa wakati mmoja mbele ya bodaboda, bajaji na teksi zinazoshindana kama boti za ziwani. Mwandishi huwashauri wageni wake wakae dakika chache wanywe maji, na wengi wao, kwa kuwa wamelipa, hawapendi kuambiwa hivyo.

Mgeni aliyeshuka melini Dar es Salaam kwa siku moja hupangiwa safari kwa kuhesabu kinyumenyume, kuanzia saa ya meli kuondoka, kisha treni ya kurudi, kisha muda wa barabara ya Kihonda, na kinachobaki ndicho cha mlima. Wanaotaka kufika kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, huambiwa wazi kwamba hawatairudia meli yao, kwa sababu kukipanda na kukishuka humaliza siku nzima hata kwa mwenyeji. Hupelekwa Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani juu ya mji, ambako hupandwa kwa miguu kwa saa mbili hivi. Na anayesisitiza Lupanga hutakiwa alale Morogoro na kuikuta meli bandari inayofuata kwa gharama yake.